Asiyeonekana Huulizwa

Miongoni mwa maswali ambayo binadamu hawezi kuyakwepa liko hili: mtu aliyekufa mbali na kwao, ambaye mwili wake haukurudi na kaburi lake halijulikani, anawadai nini wale aliowaacha? Wako wasemao kwamba hadai kitu, kwa kuwa maiti hana mdomo. Wako wasemao kwamba anadai sifa, yaani asimamishiwe mnara na kuitwa shujaa. Mimi nadhani kwamba majibu yote mawili yana kasoro, na katika insha hii nitajaribu kueleza kwa nini. Sitaanzia katika vitabu vya wanafalsafa, bali katika milima ya Upare nilikozaliwa, kwa sababu naamini kwamba watu wa huko walikwisha kulifikiria jambo hili muda mrefu kabla yangu, wakaliweka katika desturi zao za kila siku pasipo kuliandika.

Atokaye Same mjini akapanda kuelekea Mbaga, au Chome chini ya kilele cha Shengena, huacha nyuma yake tambarare kavu ya miiba na mikonge, akaingia katika nchi ya ukungu, migomba na mifereji. Maji ya huko hayaachwi yaende yatakavyo. Hukusanywa usiku katika malambo ya udongo na mawe yaitwayo ndiva, na asubuhi hufunguliwa, kila shamba likapata zamu yake. Lakini ndiva hujaa tope, na tope halitoki ila kwa mikono ya wengi. Ndipo huitwa msaragambo. Pembe hulia, na kila nyumba hutoa watu wake, wake kwa waume, wenye majembe na wenye vikapu, wakafanya kazi isiyo na mshahara kwa faida ya wote.

Jambo ninalotaka tulitazame katika msaragambo si kazi yenyewe, bali ni swali linaloulizwa kabla ya kazi kuanza. Mzee msimamizi huwatupia macho waliofika, kisha huuliza: "Fulani yuko wapi?" Haulizi, "Tumepungukiwa na wangapi?" Huuliza kwa jina. Na nyumba ya mtu huyo hapana budi ijibu: ni mgonjwa, amesafiri, amefiwa, au ni mvivu tu na yuko tayari kutozwa faini. Jibu laweza kuwa zuri au baya, lakini swali haliachwi likining'inia. Kwa hiyo, katika fikra za watu wale, kutoonekana si sawa na kutokuwapo. Asiyeonekana huulizwa.

Fikra hiyohiyo ilivuka mpaka wa kifo. Katika koo nyingi za Upare wa zamani, mzee alipofariki alizikwa, na baada ya muda kupita fuvu lake lilifukuliwa likahifadhiwa mahali pa ukoo, penye msitu usiokatwa ovyo au katika pango. Dini zilipoingia milimani desturi hiyo ilififia, na sina nia ya kuwashawishi watu waifufue. Nataka tu kuonyesha maana yake. Waliokufa walikuwa na mahali. Kijana aliweza kupelekwa akaonyeshwa: hapa yuko babu wa babu yako. Kifo kilikuwa kimemwondoa mtu katika kazi na katika chakula, lakini hakikumwondoa katika hesabu ya nyumba yake.

Basi tufikirie watu wenye desturi kama hizo, halafu tuwaletee habari kwamba kijana wao amezama katika bahari ambayo hawajapata kuiona.

Habari ya namna hiyo ilifika katika nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Aliyepotea alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye yeye bibi ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao akilima. Maisha ya kijana huyo yanaelezeka kwa maneno machache, kwa kuwa hayakuwa marefu. Alichunga mbuzi. Alisoma kidogo katika shule ya misheni, akajua kuandika barua. Alipobalehe aliteremka tambarare kutafuta fedha ya kodi, akakata mkonge katika shamba moja la walowezi. Kutoka huko akaenda Same kwenye reli, akaandikishwa uaskari, akapanda treni. Alirudi likizo mara moja tu, amevaa viatu, akampa dada yake kipande cha sabuni na kanga. Bibi alikuwa akisema kwamba sabuni ile aliificha kwa miaka mingi, hata ikakauka ikawa kama jiwe, kwa sababu aliona kuitumia ni kumwosha mtu mwilini mwake akaisha.

Kijana huyo hakuwa peke yake. Katika Vita Kuu ya Pili, nchi ya Tanganyika ilitoa zaidi ya askari 80,000. Wengine walikwenda kwa hiari, wakitamani mshahara na kuiona dunia. Wengine walikwenda kwa sababu mtawala wao alitakiwa kutoa idadi fulani ya vijana, nao wakawamo katika idadi hiyo. Wengine tena walilazimishwa kwenda mashambani badala ya vitani. Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Waingereza na wenzao walikosa nyuzi zilizotoka huko, na mkonge wa Afrika Mashariki ukawa kitu cha thamani kubwa kwa kamba za meli. Hivyo jasho la watu wa tambarare zetu lilikwenda baharini kabla hawajakwenda wao wenyewe. Huenda kijana aliyeukata mkonge akiwa kibarua aliishika kamba yake tena akiwa sitahani.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli tano za kuchukua askari ziliondoka Mombasa kwenda Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka, zikilindwa na manowari za Kiingereza. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa imeundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya abiria wa Chile, ikauzwa Misri, na vita vilipokuja ikageuzwa kuwa ya askari. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, waliotazamiwa kwenda kuungana na wenzao waliokuwa wakijiandaa kwa vita vya Burma. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi, askari wa majini, na mabaharia wa meli yenyewe, wale watu wa mashine na wa jikoni ambao kwa kawaida hatuwakumbuki tusemapo habari za meli.

Tarehe 12 Februari, alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga meli hiyo kwa torpido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Waliokuwa chini ya sitaha hawakuwa na nafasi hata ya kuuliza kuna nini. Waliookolewa ni watu 214 tu, wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297, na wengi wao ni wa Rejimenti ya 301.

Mpaka hapa habari ni ya huzuni, lakini ni huzuni ya kawaida ya vita. Kinachoifanya iwe swali la maadili ni kile kilichotokea baadaye. Watu waliobahatika kutoka walikuwa wakielea, wameshika mbao na maboya, wakingoja kuokolewa. Meli nyingine za msafara zilitawanyika kwa kasi, kwa kuwa nyambizi ilikuwa bado ipo. Manowari mbili, Petard na Paladin, zilibaki kuitafuta. Nayo nyambizi ilikuwa imejificha chini kabisa ya mahali pale walipokuwa wakielea wale watu. Makamanda wakawa na mambo mawili mbele yao: kuiacha nyambizi ili kuwaokoa walio majini, na hivyo kuhatarisha manowari zao na msafara mzima, au kuishambulia, na mashambulizi hayo yangewaua baadhi ya watu waliokuja kuwaokoa. Mabomu ya kulipukia chini ya maji yalitupwa. Nyambizi ililazimika kupanda juu, ikapigwa na hatimaye ikazamishwa kwa torpido. Mabaharia wa Kijapani waliokuwamo walizama nayo, karibu wote, nao walikuwa vijana wa watu.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na wasomaji wengine nao watalifikiria kila mmoja kwa namna yake. Je, kamanda alifanya haki? Akisema kwamba kuwaacha wauaji waende zao kungeleta vifo vingine vingi, hatuwezi kumwambia kwamba anasema uongo. Nyambizi ileile ingaliweza kuifuata meli nyingine yenye watu kama hao. Na mtu aliyekuwa majini akisema, "Mimi nimeponyoka katika meli inayozama, mbona mnaniua ninyi mlio upande wangu?" hatuwezi kumwambia kwamba hana haki ya kuuliza. Kila mmoja ana neno la kweli mkononi, na kweli hizo mbili hazipatani.

Wako wanaofikiri kwamba maadili ni kama hesabu za shule: ukijumlisha na kutoa vizuri, jibu linapatikana na daftari linafungwa. Kwa watu hao, wengi wakiokolewa kwa kufa wachache, basi jambo limekwisha. Mimi sikubali kwamba limekwisha. Nakubali kwamba hesabu yaweza kumsaidia mtu kuamua, hasa mtu mwenye dakika chache na roho za wengi mikononi mwake. Lakini hesabu haiwezi kufuta deni. Mtu akivunja mlango wa jirani yake ili atoe maji ya kuuzimia moto unaotishia kijiji, hatumwiti mwizi. Hata hivyo tunamtazamia arudi kesho yake, aseme, "Ni mimi niliyevunja," na autengeneze. Asiporudi, akisema tu kwamba kijiji kimepona, tutajua kwamba hakutenda kwa utu, hata kama kitendo chake kilikuwa cha lazima. Aliyelazimika kulipa kwa uhai wa wengine anabaki na deni kwao, na kwa kuwa wao wenyewe hawapo kulipokea, deni hilo huangukia mikononi mwa watu wao. Hatua ya kwanza ya kulilipa ni kuwajua walikuwa nani.

Wahenga walisema, kifo cha wengi arusi. Ni methali yenye hekima, maana hakika msiba unaoshirikiwa na wengi huwa mwepesi kidogo kuubeba. Lakini kila methali ina mahali pake, na hii ikitumiwa mahali pasipo pake huwa na hatari. Husaidia wafiwa kujikaza. Haikukusudiwa kuwasaidia wenye mamlaka kusahau. Tukisema "1,297" tumesema jambo kubwa mno hata halimchomi mtu. Bibi yangu hakupata kuisikia idadi hiyo maishani mwake, na kama angaliisikia isingalimwondolea chochote. Kwake aliyekufa alikuwa mmoja.

Hapa yafaa tukumbuke jambo lililotokea Upare katika miaka ileile. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alitakiwa kulipa kwa kadiri ya mali yake. Mashamba na mifugo ya watu ilikadiriwa, nyumba kwa nyumba. Wapare waliikataa. Mwezi wa Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, kudai kodi hiyo iondolewe. Na mwaka 1946 wanawake wa Usangi walijitokeza kwa ujasiri uliosimuliwa mpaka leo. Wanahistoria wetu wameeleza vizuri sababu za kiuchumi na za kisiasa za upinzani ule. Mimi naongeza moja tu, ambayo ni ya kimaadili. Serikali hiyo ilikuwa na juhudi kubwa ya kujua mtu ana mbuzi wangapi na migomba mingapi. Lakini nyumba iliyotoa mtoto wake katika vita ilipata neno moja tu, lililoletwa kwa mdomo barazani kwa mfumwa: "Amepotea baharini." Bahari ipi? Meli ipi? Alikuwa na nani? Hakuna aliyeona umuhimu wa kueleza. Kuhesabiwa mali bila kuulizwa habari za mtu wako ni dharau, na watu walioishi kwa desturi ya "Fulani yuko wapi?" hawangeweza kukosa kuihisi dharau hiyo.

Najua pingamizi moja litakaloletwa, na ni pingamizi zito. Litasema: vita vile havikuwa vyetu. Vilikuwa vya wakoloni waliogombana juu ya dunia, na vijana wetu walitumiwa kama vile mkonge ulivyotumiwa. Kwa nini basi tuwatie katika utamaduni wa Taifa? Wa kukumbukwa ni waliopigania nchi yao: wale wa Majimaji, wale waliodai Uhuru uliopatikana mwaka 1961, na askari wetu wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambao baadhi yao wamelala Kaboya na huheshimiwa kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa.

Najibu hivi. Kwanza, nakubali kwamba vita havikuwa vyetu. Sitaki kumwita ndugu wa bibi yangu shujaa wa nchi, kwa sababu hakupewa nafasi ya kuchagua nchi ya kuifia. Sifa isiyo ya kweli ni namna nyingine ya kumsahau mtu. Huficha uso wake kwa kinyago kizuri. Lakini pili, hatumkumbuki mtu kwa sababu ya mwenye vita. Tunamkumbuka kwa sababu alikuwa mtu wetu. Tukisema kwamba kibarua wa mkoloni na askari wa mkoloni si wa kuulizwa, tutakuwa tunakubaliana na mkoloni mwenyewe, aliyesema kwamba watu wale ni vyombo, na chombo kikivunjika hutupwa. Taifa linalojenga utu haliwezi kuwachagua watu wake kwa kutazama walitumikishwa na nani.

Pingamizi la pili ni la watu wa vitendo. Wao husema kwamba marehemu hajui kama anakumbukwa au hakumbukwi, na kwamba fedha na muda vitumike kwa walio hai. Hoja hii ina nguvu, na mimi sidai kujua wafu wanajua nini. Lakini hata katika msaragambo, aliyelala hoi kitandani hasikii jina lake likiulizwa kule ndivani. Wanaosikia ni waliopo. Kijana anayesimama na jembe lake akasikia mgonjwa anaulizwa kwa jina, hujifunza kwamba siku atakayokosekana yeye, ataulizwa pia. Hilo ndilo linalompa moyo wa kuja siku nyingine. Jamii isiyowauliza waliopotea huwafundisha walio hai kwamba nao wanaweza kupotea bila mtu kugutuka. Na mtu aliyekwisha kufundishwa hivyo hawezi tena kudaiwa kujitolea kwa ajili ya wenzake.

Sasa tutazame jinsi waliopotea walivyokumbukwa hasa, kwa maana hawakusahauliwa wote kwa kiasi kimoja. Katika Vita Kuu ya Kwanza, watu wa Afrika Mashariki walikufa kwa wingi wa kutisha, hasa wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi. Dar es Salaam ina sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927, nzuri kuitazama, lakini haina jina la mtu. Jina la kikosi cha wapagazi limebaki katika mtaa na soko la Kariakoo; maelfu hulitamka kila siku, na hakuna anayeweza kumtaja mpagazi mmoja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika vita hivyo, wasiopungua 116,000 na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Hayakuwa makosa ya karani tu. Ulikuwa uamuzi uliotokana na fikra kwamba watu wa namna hiyo hawana haja ya majina.

Waliozama na Khedive Ismail walipata afadhali. Katika makaburi ya vita ya Nairobi uko Ukumbusho wa Afrika Mashariki, na hapo yamechongwa majina ya watu wa Rejimenti ya 301. Hili ni jambo jema, na mwenye haki apewe haki yake. Hata hivyo jina lililochongwa Nairobi halijafika Mbaga. Na liko tatizo jingine ambalo mchongaji hangeweza kulitatua. Vijana wengi waliandikishwa kwa majina yasiyotumika nyumbani: mmoja alitoa jina la ubatizo, mwingine jina la baba, mwingine karani alisikia vibaya akaandika alivyosikia. Bibi alimwita ndugu yake kwa jina la utoto ambalo hakuna karani aliyepata kuliandika. Kwa hiyo jiwe lina jina lisilojulikana na nyumba, na nyumba ina jina lisilojulikana na jiwe.

Mimi nimekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya watu katika madaftari. Nimeona watu wakikosa haki zao kwa sababu ya herufi moja. Kazi hiyo ilinifundisha kwamba jina si pambo la mtu. Ni mlango ambao kwa huo jamii humfikia. Aidha, mimi ni mtunzi wa mashairi, na niliwahi kuazimia kutunga utenzi wa kumlilia ndugu wa bibi. Beti za bahari zilikuja kwa urahisi, kwa maana bahari ni kubwa na ina vina vingi. Beti za vita nazo zilikuja. Nilipofika mahali pa kumtaja yeye, nikakwama. Jina la jeshini silijui. Jina la utoto ni la dada yake, na nikiliweka kitabuni nitakuwa nimemnyang'anya. Niliuacha utenzi ule. Nilitambua kwamba nilikuwa tayari kumsifu mtu niliyekuwa sijamuuliza.

Basi wajibu wetu ni upi? Nasema ni kuuliza, na kuuliza kunataka kazi. Wazee waliopokea habari hizi barazani wamekwisha kufariki, lakini watoto wao wako, na wajukuu tuko. Kila ukoo unaweza kuandika katika daftari majina ya watu wake waliokwenda wasirudi: jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la baba, mwaka alioonekana mara ya mwisho, mahali alikoandikishwa. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo badala ya kuwakaririsha tarehe za majenerali. Maafisa utamaduni wa wilaya wanaweza kuyakusanya madaftari hayo na kuyalinganisha na majina yaliyoko Nairobi. Mengine yatakutana. Mengi hayatakutana kamwe. Lakini swali litakuwa limeulizwa, na nyumba itakuwa imejua kwamba limeulizwa. Hayo yote hayahitaji mnara wala hotuba.

Wahenga walisema pia kwamba mwana kidonda, mjukuu kovu. Kidonda kilikuwa cha bibi. Mimi nina kovu tu. Kovu haliumi, na hapo ndipo ulipo wasiwasi wangu, maana kisichouma husahaulika upesi. Kwa hiyo nitamalizia kwa kueleza jinsi bibi mwenyewe alivyolilinda swali lake.

Kila mwaka ulipoitwa msaragambo wa kuitoa tope ndiva yetu, bibi alikwenda na vikapu viwili. Kimoja alikijaza na kukitoa kwa ajili ya nyumba yake, kama kila mtu. Akishamaliza fungu lake na wenzake wakiwa wameketi kupumzika, alichukua kikapu cha pili, akashuka tena, akakijaza tope, akapanda nacho ukingoni polepole, akakimwaga. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza, "Bibi, hicho ni cha nani?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, hicho ni cha yule aliyeko majini. Asije akatozwa faini." Wazee waliokuwapo hawakucheka. Msimamizi wa kazi, mtu mkali sana kwa wavivu, alikuwa akisubiri mpaka bibi amwage kikapu kile ndipo atangaze kwamba kazi imekwisha.

Bibi alipofariki sikuwapo nyumbani. Nilikuwa kazini mbali. Mwaka uliofuata nilikwenda likizo, ikawa siku ya msaragambo. Nilichukua jembe langu nikafanya fungu la nyumba yetu, nikaketi. Watu wengi walikuwa vijana, na nilidhani hakuna akumbukaye mambo ya zamani. Kisha kijana mmoja aliyekuwa msimamizi, ambaye baba yake alikuwa msimamizi kabla yake, aliwatupia macho watu wote, akanigeukia mimi. "Shikamoo, mzee," akasema. "Na yule wa majini, safari hii anachukuliwa na nani?"

Nikaazima kikapu, nikashuka.